Kitabu Nilichokuambia Kina Uongo

Matisi, Kitale
Jumapili, alasiri

Nekesa mwanangu,

Wewe na mama yako mmeenda sokoni kutafuta beseni na kufuli ya sanduku, na nyumba imenyamaza. Kesho asubuhi unaondoka kwenda chuo cha ualimu Bungoma. Habari za kula, za kufua, za kupiga simu na za vijana, mama yako amekwambia zote, nyingine mara mbili. Hapo sina la kuongeza. Lakini kuna jambo nimelibeba tangu ukiwa mtoto wa miaka miwili, na jingine nililoliweka juu yake ulipokuwa darasa la saba, na sitaki gari likupitishe Kiminini kesho ukiwa hujui.

Linamhusu Mwalimu Wambui. Hujalitaja jina lake ndani ya nyumba hii kwa miaka sita, lakini najua hujamsahau. Alikufundisha Kiswahili. Alikuwa akisoma insha zako mbele ya darasa, nawe ukirudi nyumbani unazungumza kama yeye, mpaka mama yako akawa anakuita Wambui kwa mzaha.

Unakumbuka pia kitabu chake. Kilikuwa chembamba, karatasi zake za bei rahisi, na alikiandika kwa ajili ya watoto wa rika lako. Kilisimulia juu ya msichana aitwaye Wairimu, ambaye kwao kulichomwa wakati wa machafuko ya mashamba, huku kwetu, miaka kumi na moja kabla ya wewe kukisoma. Shule ilinunua katoni mbili zikawekwa maktaba. Wewe ulikimaliza kwa siku mbili. Ulikuwa unakisomea jikoni, ugali ukashika sufuria, mama yako akakufokea na hukumsikia.

Ukaja kuniuliza juu ya sehemu moja. Wairimu, mama yake na mdogo wake wanakimbilia kwa jirani, Mwalimu Petro, mtu mwenye ndevu nyingi, wanabisha mlango. Mwalimu Petro anachungulia dirishani, anawaona, na hafungui. Uliniuliza, "Baba, mwalimu anaweza kufanya hivyo kweli?" Nikakujibu kwamba ni hadithi tu. Kitabu kilipoondolewa shuleni ukauliza kwa nini, na nikakwambia kwamba kina uongo.

Hakikuwa na uongo, Nekesa. Mwalimu Petro ni mimi.

Nimeandika maneno hayo nikasimama, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Bado yako hapo. Acha nikueleze ilivyokuwa.

Ulipozaliwa sikuwa Kitale mjini. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi upande wa mlimani, tukikaa kwenye nyumba ya mabati ya vyumba viwili pembeni ya shamba. Majirani zetu wa karibu walikuwa watu waliotoka Mkoa wa Kati zamani, wakanunua ekari chache. Baba wa nyumba ile alikuwa ameshafariki. Alibaki Mama Wambui na mabinti wawili, Wambui aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, na Nyambura wa miaka minne. Mimi na wao tulichota maji kisima kimoja. Mama yako alipougua malaria wewe ukiwa bado unanyonya, Mama Wambui alileta maziwa kila asubuhi kwa wiki tatu. Alikuja pia kukuogesha. Nyambura alikuwa anakuita mtoto wake. Alikuwa anakubeba mgongoni, miguu yako ikikaribia kugusa chini, na tukimwambia akuweke anakasirika.

Kisha ile habari ikaanza. Kwanza ilikuwa ya mbali, watu wakasema ni upande ule mwingine. Halafu tukaona moshi. Karatasi zikatupwa njiani kuwaambia watu fulani wahame. Sisi hatukutajwa kwenye karatasi zile, lakini ilisemekana kwamba anayewaficha waliotajwa atachomwa pamoja nao. Mimi nilimwambia Mama Wambui asiwe na wasiwasi. Nilimwambia kwa mdomo wangu, tukiwa kisimani, "Mambo yakiharibika, njooni kwangu." Sikuwa nadanganya siku ile. Niliamini kabisa kwamba mimi ni mtu wa kufungua.

Yakaharibika siku ya Alhamisi, saa kumi hivi. Mvua ilikuwa imeanza, ile ya Kitale ya kila alasiri, na ilipiga mabati kwa nguvu. Niliona moshi mweusi juu ya nyumba yao. Niliingiza ng'ombe, nikafunga mlango kwa komeo. Mama yako alikaa kitandani na wewe mapajani. Kisha nikasikia mtu anabisha.

"Baba Nekesa, ni sisi," Mama Wambui akasema. "Tufungulie. Mtoto ana homa."

Nilienda dirishani nikasogeza pazia kidogo. Nyambura alikuwa mgongoni kwa mama yake, amefunikwa gunia. Wambui alikuwa ameshika mfuko wa shule juu ya kichwa, maji yanamtiririka. Aligeuza uso akatazama dirisha, na macho yake yakakutana na yangu. Nikaachia pazia.

Alibisha tena. Alisema, "Mwalimu, ni sisi tu, hakuna mwingine." Mara ya tatu hakusema kitu, alibisha kwa kiganja, polepole. Mimi nilisimama katikati ya chumba. Nilikutazama wewe. Nilijiambia kwamba nafanya hivi kwa ajili yako. Nimejiambia hivyo kwa miaka mingi, na leo naomba nikuondolee mzigo huo kabisa, maana haukuwa wako hata siku ile. Ulikuwa mtoto unayecheza na kifungo cha nguo ya mama yako. Niliyeogopa ni mimi.

Wakaondoka. Vijana walipita barabarani baadaye na mapanga, lakini hawakuingia kwetu. Labda wangeingia kama ningefungua. Labda wasingeingia. Mpaka leo sijui, na hii ndiyo sehemu inayoniuma zaidi, kwa sababu ningejua wangetuua ningeweza angalau kusema nilipima. Sikupima chochote. Niliogopa tu.

Mama Wambui na wanawe walilala ndani ya mahindi. Siku ya pili wakafika mjini, kwenye uwanja wa kanisa walikojazana watu. Siku ya tatu Nyambura akafa, kifua kilikuwa kimejaa. Niliambiwa na mtu wa kuuza maziwa. Nilisema pole, nikaingia darasani, nikafundisha. Mazishini sikwenda. Mwezi uliofuata niliomba uhamisho, na ndivyo tulivyokuja Matisi.

Mama yako na mimi hatukulizungumza tena. Leo asubuhi, wewe ukiwa unapiga nguo pasi, nilimwambia kwamba nakuandikia, na nini. Aliendelea kuchambua mchele, kisha akasema, "Andika. Hata mimi nilikuwa ndani." Kwa hivyo ujue kwamba anajua, na usimwulize mpaka aanze mwenyewe.

Miaka ikapita. Siku moja mwalimu mkuu akaleta mwalimu mpya kwenye ofisi ya walimu, msichana mwembamba mwenye paji la uso la mama yake. Nilimtambua kabla hajatajwa jina. Akanisalimia kwa heshima kama anavyosalimiwa mtu mzima, akaniuliza, "Nekesa hajambo? Sasa lazima awe mkubwa." Nikasema uko darasa la saba, na kwamba atakufundisha. Sikumwuliza mama yake hajambo. Mtu ukikaa muda mrefu bila kuuliza swali dogo, linakuwa kubwa mpaka huwezi kulitoa mdomoni.

Alipochapisha kitabu chake, nakala ya kwanza aliniletea mimi. Ndani ameandika kwa kalamu, Kwa Mwalimu, jirani yetu. Nilikisoma alasiri moja nikiwa maktaba peke yangu. Kila kitu kilikuwamo, gunia, mfuko wa shule, pazia. Lakini kijiji alikipa jina lingine, na mimi alinipa jina lingine na ndevu ambazo sijawahi kuwa nazo. Hakuna mtu duniani angejua, isipokuwa yeye, mama yake, mimi na mama yako.

Kesho yake alinikuta nasahihisha madaftari. Akasimama karibu na meza.

"Umekisoma, Mwalimu?"

"Nimekisoma. Umeandika vizuri. Kiswahili ni sanifu kabisa."

Akangoja. Walimu wengine walikuwa nje wakinywa chai. Hapakuwa na mtu wa kutusikia.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Ningesema neno moja wakati ule, yote nitakayokuandikia kuanzia hapa yasingetokea.

Malalamiko yalianza darasani kwenu. Unakumbuka wale wavulana wawili waliopigana baada ya kusoma kitabu, mmoja amemwuliza mwenzake baba yake alikuwa upande gani. Baba mmoja akaja shuleni na kitabu mkononi. Kamati ikaitisha mkutano wa wazazi. Wewe uliniuliza siku ile mbona nimevaa koti.

Tulikaa darasa la nane, kwenye madawati yenu madogo. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Barasa, yule mwenye duka la misumari na mabati. Sitaki umfikirie vibaya. Duka lake la kwanza lilichomwa kwenye machafuko yale yale. Alisema kwamba alisoma kurasa kumi akashindwa kumeza chakula. "Watoto wetu sasa wanacheza pamoja," alisema. "Hawajui nani alimfanyia nani nini. Si tuwaache hivyo?" Watu wakapiga makofi, na wengi wao walipiga kwa nia njema. Nimejifunza kwamba si kila anayetaka kitabu kifungwe ana kitu anaficha. Wengine wamechoka tu kuumia. Utakutana nao kazini, na usiwadharau.

Kisha akasimama Mama Rose, yule wa kuuza makaa kule Kipsongo. Alikuwa na vumbi jeusi mpaka kwenye nyusi, na hakuzoea kuongea mikutanoni. Alisema watoto wake wanajua. Kila siku wanamwuliza kwa nini wanakaa kwenye mabanda ya Kipsongo na yeye huwaambia walikuwa na shamba. "Mimi sijui kuwajibu bila kulia," alisema. "Huyu mwalimu ameandika, binti yangu akasoma, akanisomea na mimi. Ndiyo mara ya kwanza tumeongea hiyo maneno tukamaliza. Sasa mkikitoa, mtanipa nini cha kuwajibu?"

Niliona watu wanatazamana. Niliona mwalimu mkuu anakuna kidevu, na nikajua kwamba kitabu kinakaribia kubaki. Mwalimu mkuu akanigeukia. Akasema mimi ndiye mwalimu wa historia na ndiye msimamizi wa maktaba, nitoe maoni yangu kama mtaalamu.

Nekesa, nilikuwa nimejiandaa kusema maneno ya kawaida. Watoto bado wadogo. Wakati haujafika. Tulinde amani. Ni maneno mazuri na yamevaliwa na waoga wengi kabla yangu. Lakini niliona hayatatosha, kwa hivyo nikasema jambo lingine.

"Mimi niliishi huko," nikasema. "Nilikuwa mwalimu huko wakati huo. Hakuna mwalimu aliyewafungia watu mlango. Huku ni kuwapaka walimu matope, na mtoto akishasoma hivi hatamwamini mwalimu tena."

Wambui alikuwa amekaa karibu na ukuta, mikono mapajani. Aliinua uso. Neno moja tu kutoka kwake lingenimaliza mbele ya mji mzima. Mzee Barasa akamwuliza kama ana la kujibu. Alinitazama, na mimi nikatazama ubao.

"Sina," akasema. "Mwalimu alikuwako."

Wakapiga kura kwa kuinua mikono. Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu za mkutano na kutia sahihi, nikaandika kwamba kitabu kimeondolewa kwa sababu ya makosa ya kihistoria. Nilibeba zile katoni mwenyewe nikazifungia stoo ya shule, nyuma ya madawati yaliyovunjika. Nakala yako niliitoa kwenye mfuko wako ukiwa umeenda dukani. Ile aliyoniandikia jina niliichoma kwenye shimo la taka pamoja na maganda ya viazi.

Ulipouliza, nikakwambia kina uongo. Ukasema, "Lakini Mwalimu Wambui alisema ni mambo yaliyotokea." Nikakujibu, "Amedanganya watu, mama." Nilikuita mama kama ninavyokuita nikikupenda, kwa sababu una jina la mama yangu, na nikakupa uongo kwa sauti ile ile. Ulilia kidogo. Kisha ukaacha.

Wiki iliyofuata nilikuwa ofisini, dirisha liko wazi. Wambui alipita kwenye baraza akakusalimia. Ukamwambia, "Baba amesema wewe ni muongo." Nilisikia kila herufi. Nilisikia pia akikujibu kwa upole, "Haya, Nekesa. Kengele imelia, ingia darasani." Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi na daftari la mtoto mbele yangu. Nikaendelea kusahihisha.

Mwisho wa muhula aliomba uhamisho akaenda Bungoma. Watoto wa darasa lenu walimchangia leso na kikombe. Wewe hukuchanga.

Na wewe ukaacha hadithi. Labda hukuona, lakini mimi niliona. Ulipita rafu ya maktaba kama unapita ukuta. Mama yako alipokununulia kitabu Krismasi ile, ulisema ati hadithi ni za watu wa kudanganya wenzao. Uligeukia hesabu, ukafanya vizuri, walimu wakanipongeza, nami nikapokea pongezi. Sina ugomvi na hesabu. Lakini nilijua ni nini kilichofungwa ndani yako na ni nani aliyekifunga.

Sasa nikwambie ya mwaka jana, baada ya uchaguzi. Wewe ulikuwa Lugulu kwa nyanya yako, tukakwambia ubaki huko mpaka barabara zifunguke. Hukuiona shule yetu wakati ule. Watu walijaa madarasani, familia nne, tano, chumba kimoja, na wengine walikuwa wale wale wa zamani, wamefukuzwa mara ya pili. Baadhi ya wanafunzi wangu wa zamani walikuwa upande wa waliokimbia, na wengine, niliambiwa, walikuwa upande wa waliofukuza. Wa darasa lenu pia. Walikuwa wamecheza pamoja bila kujua, kama Mzee Barasa alivyotaka. Haikuwazuia.

Sikwambii kwamba kitabu kimoja kingewazuia. Hilo lingekuwa uongo mwingine. Nakwambia tu kwamba hatutajua, na kwamba mimi ndiye niliyehakikisha hatutajua.

Kuni zilikuwa hazipatikani, na kila kitu kilikuwa kimelowa. Akina mama wakaomba karatasi ya kuwashia moto. Mwalimu mkuu akasema nifungue stoo. Mchwa walikuwa wamekula katoni moja upande wa chini, lakini nyingine ilikuwa nzima. Nilizitoa mwenyewe. Wakachana vitabu wakawasha jiko, wakapika uji. Watu waliochomewa nyumba walikuwa wanachoma hadithi ya watu waliochomewa nyumba, na watoto wao walihitaji uji, kwa hivyo sikuwa na neno.

Kulikuwa na msichana wa miaka kumi au kumi na moja aliyekaa karibu na moto. Alikuwa amechukua karatasi chache kabla hazijaingia motoni, anasoma. Alimaliza akaniangalia.

"Mwalimu, hii inaendelea wapi?"

Nilichutama nikatafuta kwenye mabaki ya katoni. Nilipata kurasa za mwanzo, nikapata za mwisho. Zilizofuata pale alipoishia hazikuwapo. Aliishia mahali ambapo Wairimu anamwambia mama yake, twende kwa Mwalimu Petro, yeye alisema tuje. Msichana akaniuliza kama niliwahi kukisoma. Nikasema ndiyo. Akaniomba nimwambie, je, walifika, je, Mwalimu aliwafungulia?

Nikamwambia sikumbuki.

Alizikunja zile karatasi akazitia kwenye mfuko wa sweta. Siku mbili baadaye familia yake ilipakiwa kwenye lori, na mimi sikuwa nimemwuliza hata jina.

Barabara zilipotulia nilimwambia mama yako kwamba naenda kumwona nyanya yako. Sikufika Lugulu. Nilienda Bungoma nikaulizia shule hadi shule. Nilimkuta Wambui nje ya darasa, amekaa kwenye kiti cha mbao, rundo la madaftari chini. Amenenepa kidogo. Ana mume, ana mtoto. Alinitolea kiti kutoka darasani kama anavyotolewa mgeni yeyote, akakipangusa kwa leso.

Nilikuwa nimekariri maneno njia nzima. Niliyasema yote, kwa haraka, na mwisho nikasema naomba msamaha. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaniambia jambo ambalo nitalibeba mpaka kaburini.

"Mama alifariki mwaka juzi," akasema. "Mpaka mwisho alikuwa anasema hukusikia. Alikuwa anasema mvua ilikuwa kubwa, mabati yanapiga kelele, yule Mwalimu angesikia angefungua. Mimi niliona macho yako dirishani. Sikumwambia, wala sikumsomea kitabu. Niliona ameshapoteza vya kutosha."

Niliinama nikatazama madaftari yaliyokuwa chini.

"Nilikupa ndevu," akaendelea. "Nikabadilisha kijiji. Nilifanya hivyo kwa sababu ya Nekesa, asije akajua kwenye kitabu kitu ambacho babake hajamwambia. Nikakuletea cha kwanza wewe. Nilikungoja, Mwalimu. Nilikungoja mwaka ule wote uje useme, ni mimi. Sikutaka kitu kingine."

Nikamwuliza kama bado anaandika. Akasema haandiki. Nikamwuliza kama amebaki na nakala. Alikuwa na moja, akamwazima mtoto mmoja, mtoto akahama nayo. Nikamwuliza nifanye nini. Hapo ndipo sauti yake ilibadilika kidogo, si kwa hasira, kwa uchovu.

"Usiniulize mimi," akasema. "Mimi nimefanya yangu."

Akauliza hali yako. Nikasema uko kidato cha nne. Akauliza kama bado unapenda kusoma. Nikamwambia ukweli. Alichukua daftari lililokuwa juu ya rundo akalifungua, na nikaelewa kwamba ni wakati wa kuondoka. Alinisindikiza mpaka langoni, kwa sababu alilelewa vizuri. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuwa na haki ya kuomba mara ya pili.

Hiyo ni zaidi ya mwaka sasa. Tangu siku ile nimekaa nawe meza moja mara nyingi, na kila mara nilisema kesho. Leo kesho zimeisha.

Unakwenda kuwa mwalimu, mwanangu. Siku itafika utaketi kwenye chumba kama kile, na karatasi itapitishwa ya kutia sahihi, kuhusu kitabu, au wimbo, au swali ambalo mtoto ameuliza. Siwezi kukwambia utie au usitie. Kuna vitu ambavyo mtoto mdogo hafai kuvibeba, na mimi si mjinga wa kulikataa hilo. Nakuomba tu, kabla ya kushika kalamu, ujiulize ni nani hasa unayemlinda. Mimi nilijua jibu langu siku ile. Nilijua huku nikiandika.

Na ukishaogopa, kwa sababu utaogopa, usikae na woga huo muda mrefu. Woga wangu wa kwanza ulikuwa wa dakika kumi, na nadhani Mama Wambui angenisamehe huo. Wa pili niliupanga, nikauvalia koti.

Kuhusu neno ulilomwambia pale barazani, halikuwa lako. Nililitia mimi mdomoni mwako ukiwa na miaka kumi na mitatu, umri ule ule aliokuwa nao yeye alipotazama dirisha letu. Shule anayofundisha haiko mbali na chuo chenu, ni mwendo wa miguu. Sikutumi kwake. Usiende kuniombea mimi, wala usinipelekee salamu. Ukienda, uwe umeenda kwa ajili yako, na ukiona huwezi, pia nitaelewa. Anaweza kukupokea. Anaweza pia kukutolea kiti, akakipangusa, na basi.

Nilikuwa nimekusudia kuiweka barua hii chini ya nguo zako, uikute huko ukifungua sanduku. Nilipofika katikati niliona kwamba huko ni kujificha tena. Kwa hivyo nitakupa mkononi leo, kabla ya chakula. Nitakaa kwenye kiti mbele yako mpaka ufike mwisho, na sitashika gazeti. Ukitaka kuuliza, uliza lile unaloliogopa zaidi, usinionee huruma kwa sababu nimekuzaa. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, nitakuwa hapo hapo.

Nasikia sauti yako njiani, unamwambia mama yako kwamba beseni ni kubwa mno. Mnakuja. Karatasi naikunja sasa.

Baba yako